UZI: Jinsi ya kumfundisha mtoto wa mbwa wa mbio akimbize kitambaa (kutoka Tipperary, Ayalandi)

#1 mlinda_banda

Wakuu, salaam.

Kwenye ule uzi wa kazi za ajabu za ughaibuni niliandika mstari mmoja tu, kwamba Jumamosi nalipwa kuvuta kitambaa ili mbwa akikimbize. PM zilijaa. Wengine mkadhani ni tusi la mafumbo. Leo nipo zamu ya usiku, mashine imetulia, ngoja nishushe uzi wenyewe.

Nipo Tipperary, mwaka wa sita huu. Siku za wiki niko kiwandani, mwisho wa wiki niko kwa mzee mmoja jirani, umri sabini na ushei, anayefuga greihaundi, ndio hao mbwa wa mbio, tangu ujana wake. Niliingia pale kufagia mabanda na kubeba ndoo. Siku hizi watoto wa mbwa ndio kazi yangu, tangu wanafungua macho mpaka wanapoingia boksi la kuanzia mbio.

Kwa asiyejua mchezo wenyewe: mbwa sita (Australia ni wanane), uwanja wa mchanga wa kuzunguka, na pembeni reli inayobeba sungura bandia anayekwenda kwa mota. Kuna mtu kakaa juu kwenye kibanda anamwendesha yule sungura kwa mkono, kazi yake asishikwe wala asiwaache mbali. Mbwa anavuka kilomita 60 kwa saa. Hana mpanda farasi mgongoni, hana mjeledi, hana anayempigia kelele akamsikia. Boksi likifunguka na yeye hataki, basi. Kwa hiyo mafunzo yote ni kumfanya atake, na akishataka usije ukamharibia. Hilo la pili ndilo lililonitoa jasho, nitafika huko.

Nikae sawa niendelee?

#2 Shemeji wa Taifa

Nipo siti ya mbele na karanga zangu. Tiririka mkuu.

#3 Bibi_Titi_Street

Chai hii. Mtu mzima alipwe euro kuvuta tambara?

#4 mlinda_banda

Bibi, chai ina sukari, kunywa tu 😂

Tuanze na watoto. Wakifika wiki nane hivi, wameshaanza kugombana, natoka na fimbo ndefu yenye kamba, mwishoni nimefunga kipande cha ngozi ya kondoo yenye manyoya. Hapo unakiburuza kwenye majani, kinasimama, kinaruka, kinakimbia kona. Wote saba wanakivamia kama kuku walioona mchwa. Dakika mbili, basi. Mzee alinikataza kabisa kufika tatu. Nilidhani ni uvivu wa uzee. Maana yake ni kwamba unakiondoa wakati bado wanakilia, ili kesho wakiona fimbo tu waanze kuruka uzio.

Na lazima wakikamate. Hapa ndipo wageni wengi wanapokosea, na mimi nilikosea: unaona raha ya kukichomoa kila wakikaribia, unacheka, unajiona fundi. Mtoto wa mbwa anajifunza haraka sana, na hapo anajifunza kwamba kile kitu hakishikiki. Atakaa chini akuangalie. Kwa hiyo kila mchezo unaisha na mtu kakiuma, kakitikisa, kanguruma, kajiona simba.

Baada ya hapo, tangu miezi mitatu hadi karibu mwaka, hakuna mafunzo ya maana. Wanakimbia bure kwenye uwanja mrefu mwembamba wenye uzio, wakishindana na watoto wa banda la jirani walio upande wa pili. Mifupa haijakomaa. Ukimpeleka kwenye kona akiwa na miezi saba unajitafutia daktari wa mifugo. Uwanjani wanazunguka kushoto siku zote, kwa hiyo kwenye kona uzito wote unaangukia kulia, na kifundo cha mguu wa nyuma wa kulia ndicho kinachovunjika zaidi kwa mbwa hawa. Uingereza kanuni inasema mbwa asishindane kabla ya miezi 15, na hata hapo kuna wakufunzi wanaona ni mapema.

#5 Mwana wa Kondoa

Mkuu swali. Babu yangu alikuwa na mbwa wa kuwinda digidigi, akifanya vizuri anapewa utumbo. Huyo wako akikamata tambara anapewa nini? Nyama?

#6 mlinda_banda

Swali zuri sana, hili ndilo nililokuwa nalingojea.

Mwanzo nilikuwa nabeba vipande vya kuku mfukoni. Mtoto akikamata kitambaa namkimbilia na kuku. Mzee akaniangalia siku mbili bila kusema neno, ya tatu akauliza: wewe ukifunga goli, mtu akakukimbilia na sahani ya wali, utamfanya nini?

Kwa mbwa huyu kukimbiza ndiko kula kwenyewe. Ameumbwa awinde kwa macho. Pua anayo lakini hana habari nayo, kitu kikitikisika mbali kule mwili mzima unasimama. Akikamata, ile sekunde meno yanapozama kwenye manyoya, ameshalipwa. Ukimletea kuku wakati huo unamtoa kwenye raha yake umpe raha ndogo. Tena anaweza kuanza kukutafuta wewe wa kuku badala ya kukazana na sungura, na hilo ukilipeleka uwanjani umekwisha.

Kwa hiyo tunachofanya ni kumpa muda na alichokamata. Namfikia polepole, nainama pembeni yake, si mbele yake, mkono mmoja kwenye ukosi, mwingine unampapasa kifuani. Namsifu kwa sauti ya chini. Moyo wake unapiga hadi kiganja changu kinatetemeka. Namwacha akitafune, akitikise, hesabu ya ishirini au thelathini. Halafu kukitoa: usivute. Ukivuta ataona unamnyang'anya, mara inayofuata atakimbia nacho, na meno ya utotoni yanang'oka kirahisi. Nashika kitambaa kisitikisike kabisa, kikae kama kimekufa. Kitu kisichotikisika hakina ladha kwake. Analegeza mwenyewe, naye anaondoka na kamba ya ukosi wake akiwa ameinua shingo kama bwana harusi.

Chakula anakipata baadaye sana, bandani, akishapoa. Na kabla ya mbio hali, tumbo zito na mwendo ule haviendi pamoja.

#7 Shemeji wa Taifa

"Wewe ukifunga goli mtu akakuletea wali" 😂😂 huyo mzee ni wa kwetu Tanga, kapotea tu.

#8 msomaji_wa_Muttrah

Assalaam alaykum. Niko Muscat. Huku Ghuba mbwa wa mbio ni saluki, ndugu wa karibu wa hao kwa umbo. Nimewahi kuona mashindano upande wa Abu Dhabi: chambo kinafungwa kwenye gari, gari linatimua vumbi jangwani, saluki nyuma yake, na magari ya wenyewe yanawafuata kando watu wakipiga honi. Wenyeji wa jangwani hawamhesabu saluki pamoja na mbwa wengine, analala mpaka hemani.

Nina hoja moja. Sisi madrasa tulisoma Sura ya Maida aya ya 4, kuhusu mnyama wa kuwinda aliyefundishwa. Masharti tuliyofundishwa: ukimtuma aende, ukimzuia asimame, na akikamata asile, akushikie wewe. Sasa huyu wako unamruhusu atafune. Si unamharibu?

#9 mlinda_banda

Wa alaykum salaam shekhe, umenigusa penyewe.

Hizo ni kazi mbili tofauti. Mbwa wa kuwinda anafanya kazi na mtu, kitoweo ni cha mtu, kwa hiyo lazima ajue kuna mwenye mali. Greihaundi wa uwanjani sihitaji anishikie kitu. Sihitaji hata anisikie. Nahitaji akisikia reli inavuma asione kingine duniani. Ndiyo maana wengi wao wakistaafu na kwenda kukaa majumbani hawajui "kaa chini" wala "njoo", hakuna aliyewahi kuwaambia. Huyo saluki wenu kwa mila yake ana adabu kuliko hawa.

Sasa hatua ya mwaka mmoja. Hapo tunatoa winchi: mota ndogo, betri ya gari, roda, na kamba ya kama mita mia mbili iliyolazwa kwenye shamba lililonyooka. Mwisho wa kamba tunafunga ngozi ya kondoo nyeupe, pamoja na mdoli wa mpira unaolia ukibanwa. Rangi nyekundu sahau, mbwa haioni kama sisi, kwake ni kitu cheusicheusi kwenye majani. Bluu na njano anaona vizuri, na cheupe kinachorukaruka kila mbwa anakiona.

Mtu mmoja kule mbali kwenye winchi, mwingine huku kamshika mtoto. Kitambaa kinatikiswa mbele yake, hatua chache tu, mpaka anaanza kulia na kukwaruza ardhi. Kinaondoka. Unahesabu moja, unamwachia. Mwendesha winchi anatakiwa amweke mbwa nyuma ya kitambaa mita kadhaa tu njia nzima. Ukikipeleka mbali anakata tamaa. Ukikiacha karibu mno anajifunza kwamba hahitaji kukaza. Mwishoni kinapunguza mwendo taratibu, anakikamata akiwa bado mbioni.

Mara mbili kwa wiki, mkimbio mmoja, siku nyingine miwili. Basi. Hata akiomba wa tatu.

Baadaye ndiyo boksi. Kwanza wazi mbele na nyuma, anapita tu kama mlango. Halafu mbele inafungwa lakini anaona nje. Halafu inafunguka kitambaa kikiwa tayari kinakwenda. Ndipo kona, peke yake, kisha na mbwa mmoja mzee mwenye akili, kisha watatu. Hapo wote wana vikapu vya mdomoni, maana mtoto aliyezoea kucheza na nduguze anaweza kugeuza kichwa amtanie wa pembeni. Uwanjani huo si utani, ni kosa, mbwa anafungiwa.

Niende nikaangalie mashine, narudi na habari ya Pili.

#10 Mwana wa Kondoa

Nani tena Pili?

#11 mlinda_banda

Nimerudi.

Pili ni binti, mweusi, alizaliwa wa pili kati ya saba. Jina lake la uwanjani ni refu la Kizungu na halimhusu. Huyu alikuwa na moto kuliko wote. Akiwa na wiki kumi alining'inia kwenye ngozi ya kondoo nikamwinua nayo hewani, hakuachia.

Akafika miezi kumi na tatu, mkimbio wake wa nne wa winchi. Mzee alikuwa kaenda kliniki, niko na kijana wa jirani. Yeye kamshika Pili, mimi nipo kwenye winchi. Nilikuwa nimefanya kazi ile mwaka mzima na nilishajiona nimehitimu. Pili katoka vizuri, anakuja mita mia, mia na ishirini, masikio yamelala, naona macho yake kabisa. Simu yangu ikalia mfukoni. Sikuipokea, ila kidole kilishtuka, nikakata umeme wa mota.

Kitambaa kikasimama ghafla kama kimepigiliwa msumari. Pili alikuwa mwendo wote. Alijaribu kuinamisha kichwa akiume, miguu ya nyuma ikampita, akapinduka mara mbili, kamba ikamkwangua paja la ndani. Kisha kimya. Nilikimbia ile mita themanini sijui kwa miguu ya nani. Nilipofika alikuwa kasimama, anatetemeka, anakiangalia kile kitambaa. Hakukigusa. Hakikuwa cha kuogopesha kikiwa kimelala pale, tambara tu na mdoli, lakini alikizunguka kwa mbali kama nyoka.

Mguu ulikuwa mzima, kidonda cha kamba tulipaka dawa kikapona ndani ya wiki. Tulipomrudisha kwenye winchi baada ya wiki mbili, akatoka kama risasi, na alipofika mita ishirini kutoka mwisho akapunguza mwendo. Mwenyewe. Akasimama, akakiangalia kitambaa, akaniangalia mimi. Ile ya kuniangalia mimi iliniuma kuliko yote.

Mzee hakugomba. Alisema tu: alikimbia kwa uaminifu, ukamlipa kipigo. Sasa deni ni lako.

Tulirudi nyuma kabisa. Fimbo na kamba, kama yuko wiki nane. Dakika mbili kwenye majani nyuma ya banda, nainama, nakiburuza polepole, namwacha akikamate kwa urahisi wa aibu. Wiki ya kwanza alikuwa anakigusa kwa pua na kurudi. Siku ya tisa akakiuma. Sikusema neno, nilikaa chini kwenye matope nikamwacha akitafune mpaka akachoka. Wiki ya nne winchi tena, mita hamsini tu, kitambaa kinakwenda kama mzee anayetoka msikitini. Mita themanini. Mia. Jumla wiki saba kabla hajakimbia mpaka mwisho bila kupima.

Tangu siku ile simu inabaki kwenye gari.

#12 Bibi_Titi_Street

Mlinda banda nilikuita muongo nakuomba radhi. Lakini sasa niseme langu. Mnamfundisha mnyama apende kitu halafu mnamtumia kwa kamari. Nimeona zamani video za Australia, walifunga wanyama hai kwenye hiyo reli. Na wakishindwa mbio wanakwenda wapi? Hapo mbona umepita haraka?

#13 mlinda_banda

Sijapita, nilikuwa nakuja.

Za Australia ni kweli kabisa. Februari 2015 televisheni ya ABC ilionyesha picha zilizochukuliwa kwa siri: vinguruwe, sungura na wanyama wengine wa porini wamefungwa hai kwenye chambo, mbwa wanawararua. Yalikuwa tayari ni makosa kisheria. Serikali ya New South Wales ikatangaza Julai 2016 kuufuta mchezo wote, kisha Oktoba mwaka huohuo ikarudi nyuma. Florida walipiga kura 2018, mbio zikaisha 2020. Nyuzilandi wametangaza Desemba 2024 kwamba wanaufunga. Wales nao 2025 wakasema watapiga marufuku. Huku Ayalandi bado upo, na fedha ya serikali inaingia humo, na watu wanagombana kila mwaka bajeti ikija.

Wale waliotumia wanyama hai walikuwa wanasema mbwa hatakimbia kweli asipoonja damu. Mimi nimeona kwa macho yangu mbwa ambao hawajawahi kuuma kitu zaidi ya ngozi ya kondoo wakishinda mbio. Hata huyu sungura bandia alitengenezwa kwa sababu hiyo. Mmarekani Owen Patrick Smith alichoka kuona sungura wakiraruliwa kwenye mashindano ya kale, akahangaika na mashine miaka kadhaa, akafungua uwanja Emeryville, California, 1919. Kutoka hapo ukafika Manchester 1926, Dublin 1927. Waingereza walishajaribu kuvuta sungura wa bandia huko Hendon 1876, lakini njia ilikuwa imenyooka, mwenye mbio zaidi anashinda daima, watu wakachoka. Kona ndizo zilizoleta raha, na ndizo zinazovunja miguu. Ndiyo hivyo.

Wanakwenda wapi? Wakiwa na bahati, majumbani, na ni mbwa wapole ajabu, wanalala kutwa kwenye sofa. Wasipokuwa na bahati, Bibi, unajua jibu na mimi nalijua. Banda nililofanya kwanza kabla ya kwa mzee, nisilitaje, niliondoka kwa sababu hiyo. Kwa mzee mbwa aliyeshindwa anabaki mpaka apate nyumba. Wapo wanne sasa hivi wanakula bure. Sisemi hilo linasafisha mchezo mzima.

#14 Bibi_Titi_Street

Sawa. Umejibu kama mtu mzima. Bado sitaki mchezo wenyewe.

#15 mlinda_banda

Haki yako.

#16 msomaji_wa_Muttrah

Na joto? Huku wanakimbiza asubuhi mapema tu.

#17 mlinda_banda

Mapema ni sahihi. Joto linaua haraka kuliko kona. Baada ya mkimbio tunamtembeza dakika kumi, maji kwenye miguu na tumboni, anakunywa kidogokidogo. Mbwa ambaye hakuandaliwa akikimbizwa mno, misuli inakakamaa mgongoni na kiunoni, na ukiona mkojo una rangi ya kahawa usingoje kesho, daktari saa hiyohiyo, figo ziko hatarini.

#18 Mwana wa Kondoa

Mkuu, hii elimu naipeleka kazini. Nina mbwa wa kienyeji hapa nyumbani, mwembamba, miezi mitano, anakimbiza hata kivuli cha ndege. Winchi sina. Nifanye nini?

#19 mlinda_banda

Huhitaji winchi. Fito ya mwanzi mita mbili, kamba mita mbili, mwishoni tambara jeupe. Sehemu yenye majani au mchanga, si saruji. Jioni jua likishapoa. Zungusha pana, usimgeuze ghafla, magoti yake bado laini. Dakika mbili. Akamate kila mara mwishoni. Na usimpe kamba yenyewe, akiizoea ataimeza.

#20 Shemeji wa Taifa

Mkuu na Pili je? Usituache hewani.

#21 mlinda_banda

Pili ana miezi kumi na minane. Alhamisi iliyopita alikuwa na majaribio yake ya tatu, boksi la tano, koti la rangi ya chungwa. Alitoka vibaya, akagongwa kona ya kwanza, akabaki wa mwisho. Halafu nikaona masikio yanalala. Kamaliza wa tatu.

Sungura alipopita na kusimama, wenzake wawili waligeuka kutafuta watu wao. Yeye alikwenda moja kwa moja mpaka pale kwenye manyoya, akayang'ang'ania na kikapu chake mdomoni, mkia juu. Nilimfikia kwa pembeni. Nikahesabu mpaka thelathini, mtu wa uwanja ananipigia kelele nitoke.

#22 Mwana wa Kondoa

Wakuu mrejesho. Mwanzi nimepata, mbwa kakimbiza vibaya sana, majirani wote wamekuja kuangalia. Kakamata mara tatu. Tatizo moja, nilichofunga ni kanga ya mama watoto, niliikuta kwenye kamba nikadhani kuukuu. Imeraruka katikati ya maandishi.

#23 mlinda_banda

Kanunue doti mpya leo hiihii kabla hajarudi kutoka sokoni, ya pili ifiche. Kwa mbwa tumia gunia.